Chujio Lenye Kujifunza: Namna Kompyuta Inavyotambua Ujumbe wa Kitapeli

Katika kata ya Busunzu, kwenye nyanda za juu za Kigoma upande wa Kibondo na Kasulu, maharage hayapelekwi sokoni kabla ya kuchambuliwa. Mchambuaji huyamwaga juu ya ungo, akayatazama, kisha akatoa mawe, makapi na punje zilizooza. Hafuati kanuni moja tu. Lau angesema, “Kila kilicho cheusi kitupwe,” angetupa maharage meusi yaliyo mazima na kuacha jiwe jekundu lifananalo na punje. Yeye hutazama rangi, umbo, mikunjo na uzito kwa pamoja, na kwa mazoea ya miaka mingi mkono wake huamua haraka kuliko maneno.

Mchambuaji huyo huyo ana simu ya mkononi mfukoni. Siku hizi malipo ya mazao, nauli ya mtoto aliye shule ya bweni na habari za msiba hufika kwa njia ya ujumbe mfupi wa maandishi. Pamoja na jumbe hizo njema huja nyingine zisizoitwa: “Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani.” Mtumaji hamjui anayemwandikia. Ametupa ndoana kwa watu wengi, akitumaini kwamba miongoni mwao yumo mmoja ambaye siku hiyo alikuwa kweli akisubiri kuelekezwa mahali pa kutuma fedha. Mtu huyo mmoja hutuma, na mavuno ya msimu hupotea kwa dakika moja.

Je, kompyuta za kampuni za simu, au simu yenyewe, zaweza kuuchambua ujumbe kama maharage yanavyochambuliwa? Zaweza, kwa kiasi fulani. Makala haya yanaeleza kwa nini kanuni za kawaida hupenywa, namna chujio lenye kujifunza linavyofanya kazi, na gharama ambayo chujio lolote huwatoza watu wasio na hatia. Hesabu zinazotumika hazizidi kuzidisha, kugawanya na uwezekano, mambo ambayo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa.

ASILI YA TATIZO

Ujumbe usioitwa ulianza katika barua pepe. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, alituma tangazo moja la biashara kwa watu wapatao 400 waliokuwa wameunganishwa na mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti ya leo. Wengi walikasirika. Hata hivyo jambo moja lilikuwa limekwisha dhihirika: kwa njia ya kompyuta, gharama ya kuwaandikia watu 400 haitofautiani sana na gharama ya kumwandikia mtu mmoja. Hiyo ndiyo chemchemi ya barua taka zote zilizofuata. Mtumaji hahitaji kuaminiwa na wengi. Mmoja katika maelfu humtosha.

Ujumbe mfupi wa simu ulitumwa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 1992 nchini Uingereza. Ujumbe huo huchukua baiti 140, yaani biti 1,120. Kila herufi ikiandikwa kwa biti 7, nafasi hiyo hutosha herufi 160. Ufupi huu una maana kubwa kwa somo hili. Barua pepe ndefu huwa na maneno mengi ya kushuhudia kwamba ni njema au mbaya, lakini ujumbe wa herufi 160 huwa na mashahidi wachache.

Nchini Tanzania, huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo zikaenea. Simu ikawa mkoba wa fedha, na mkoba huvuta wezi. Serikali ilichukua hatua za kisheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa utumaji wa jumbe zisizoombwa kwa nia ya kutenda kosa. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kufungwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka namba 15040 ya kupokea taarifa za utapeli, na kwa kubonyeza *106# mwananchi huweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hatua hizi zina manufaa, lakini ujumbe wa “ile hela” haukutoweka. Kwa hiyo hapana budi kutazama pia ujumbe wenyewe.

KANUNI NA KIKOMO CHAKE

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kuweka kanuni. Kanuni yaweza kuhusu namba: laini iliyoripotiwa na watu kadhaa ifungwe. Yaweza kuhusu wingi: laini inayotuma jumbe mamia kwa saa moja ichunguzwe. Tena yaweza kuhusu maneno: ujumbe wenye neno “hela” pamoja na neno “namba” uzuiwe.

Kila kanuni kati ya hizi ni ukuta, na kila ukuta una mwisho wake. Laini iliyofungwa huachwa na nyingine ikatafutwa. Jumbe mamia kwa saa moja hugawanywa kwa laini kumi. Kanuni ya maneno ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu mtapeli aweza kuipima mwenyewe: hujitumia ujumbe katika simu yake ya pili, na akiona haukufika, hubadili neno moja na kujaribu tena. Badala ya “hela” huandika “pesa”. “Pesa” ikikatazwa, huandika “ile kodi ya nyumba” na kujifanya mwenye nyumba. Au huandika “h e l a”, au “he1a” kwa tarakimu badala ya herufi. Jicho la binadamu husoma vilevile. Kompyuta huona neno jipya kabisa.

Ubaya wa pili wa kanuni ni mkubwa zaidi. Chukulia mwanafunzi wa shule ya bweni anayemwandikia mama yake aliye Busunzu kwa simu ya mwalimu: “Shikamoo mama. Shule imefungwa. Hela ya nauli tuma kwenye namba ya mwalimu.” Ujumbe huu una neno “hela” na una neno “namba”. Kanuni itauzuia, wakati ule wa “kodi” utapita. Chujio limemwachilia mwizi na kumkamata mtoto anayesubiri nauli.

KUPIMA BADALA YA KUKATAZA

Mwaka 1998, Mehran Sahami na wenzake nchini Marekani walieleza njia nyingine ya kuchuja barua pepe. Mwezi Agosti 2002 Paul Graham, mtaalamu wa programu za kompyuta, aliandika maelezo yaliyoieneza njia hiyo miongoni mwa watengenezaji wa programu. Msingi wake ni kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, mchungaji na mwanahisabati wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 kwa juhudi za rafiki yake Richard Price.

Wazo ni hili. Hakuna neno lililo ovu peke yake. Kila neno ni shahidi, na ushahidi wake una uzito. Uzito huo haukisiwi na mtu. Hupatikana kwa kuhesabu. Hukusanywa jumbe nyingi zilizokwisha kutambuliwa na watu kuwa njema au za kitapeli, kisha kompyuta huhesabu neno limetokea mara ngapi katika kila fungu. Neno linalotokea zaidi katika fungu la kitapeli huwa na uzito mkubwa kuliko 1. Neno linalotokea zaidi katika fungu jema huwa na uzito mdogo kuliko 1. Neno linalotokea sawa katika mafungu yote mawili huwa na uzito wa 1, yaani halishuhudii lolote.

Graham alieleza kwamba katika barua zake mwenyewe, barua taka zisizofika 5 katika kila 1,000 ndizo zilizopenya chujio hilo. Aligundua pia jambo ambalo mtunga kanuni asingeliwaza. Alama “ff0000”, ambayo katika maandishi ya kompyuta huagiza rangi nyekundu iliyokolea, ilikuwa shahidi mkubwa wa barua taka, kwa kuwa waandishi wake walipenda kupaka matangazo yao rangi nyekundu. Hesabu iliona kile ambacho msomaji hakukitilia maanani.

HESABU YA MFANO

Chukulia kwamba darasa limekusanya jumbe 200, ambazo 50 ni za kitapeli na 150 ni njema. Tarakimu zifuatazo ni za mazoezi tu.

Neno “hela” limeonekana katika jumbe 30 za kitapeli na 30 njema. Katika fungu la kitapeli ni 30/50, yaani 0.6, katika fungu jema ni 30/150, yaani 0.2. Uzito wake ni 0.6 ÷ 0.2 = 3.

Neno “namba” limeonekana katika jumbe 40 za kitapeli na 15 njema. Uzito wake ni 0.8 ÷ 0.1 = 8.

Neno “jina” limeonekana katika jumbe 25 za kitapeli na 15 njema. Uzito wake ni 0.5 ÷ 0.1 = 5.

Neno “nauli” limeonekana katika jumbe 2 za kitapeli na 24 njema. Uzito wake ni 0.04 ÷ 0.16 = 0.25.

Neno “shikamoo” limeonekana katika ujumbe 1 wa kitapeli na jumbe 30 njema. Uzito wake ni 0.02 ÷ 0.2 = 0.1.

Kabla ya kusoma neno lolote, uwiano wa jumbe za kitapeli kwa jumbe njema ni 50 kwa 150, yaani 1/3. Uwiano huu ni mwanzo wa hesabu. Kisha huzidishwa kwa uzito wa kila neno lililomo katika ujumbe. Uwiano wa mwisho ukiwa U, uwezekano kwamba ujumbe ni wa kitapeli ni U ÷ (U + 1).

Ujumbe wa kwanza ni ule wa mazoea, wenye maneno “hela”, “namba” na “jina”. U = 1/3 × 3 × 8 × 5 = 40. Uwezekano ni 40/41, yaani asilimia 98 hivi.

Ujumbe wa pili ni wa mtapeli aliyekwepa kanuni: “Ile kodi itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani.” Neno “hela” halimo, na “kodi” bado halijulikani, hivyo huachwa. U = 1/3 × 8 × 5 = 13.3. Uwezekano ni asilimia 93. Kubadili neno moja hakukumwokoa, kwa sababu mashahidi wengine wamebaki.

Ujumbe wa tatu ni ule wa mwanafunzi, wenye maneno “shikamoo”, “hela”, “nauli” na “namba”. U = 1/3 × 0.1 × 3 × 0.25 × 8 = 0.2. Uwezekano ni 0.2/1.2, yaani asilimia 17 tu. Ujumbe uliozuiwa na kanuni sasa unapita, kwa kuwa salamu na nauli vimeushuhudia vema.

Yafaa kuonya kwamba hesabu hii hudhani kila neno ni shahidi anayejitegemea. Kwa kweli sivyo. Maneno “namba” na “hii” hutembea pamoja, na kuyahesabu kama mashahidi wawili ni sawa na kuwasikiliza majirani wawili ambao wote wamepata habari kwa mtu mmoja. Uwezekano unaopatikana kwa hiyo huweza kupita kiasi. Hata hivyo, kwa kupanga jumbe katika mafungu mawili, njia hii hufanya kazi vizuri kuliko mtu angetarajia.

NENO LISILOONEKANA KATIKA FUNGU MOJA

Chukulia sasa kwamba neno “kodi” limeonekana katika jumbe 3 za kitapeli, wala halikuonekana hata mara moja katika zile njema. Uzito wake ungekuwa 0.06 ÷ 0, na kugawanya kwa sifuri hakuwezekani. Kinyume chake, neno lililoonekana katika jumbe njema tu lingekuwa na uzito wa 0, na uzito huo ungefuta ushahidi wa maneno mengine yote. Mtapeli angetafuta neno moja kama hilo, akaliweka mwishoni mwa kila ujumbe wake.

Dawa yake inatokana na kazi ya Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa: ongeza 1 katika idadi ya juu na 2 katika idadi ya chini. “Kodi” huwa 4/52 kwa fungu la kitapeli na 1/152 kwa fungu jema, na uzito wake huwa takriban 12. Maana yake ni kwamba kutokuonekana si ushahidi kwamba jambo haliwezekani. Neno halikuonekana katika jumbe 150, lakini laweza kuonekana katika ule wa 151.

LUGHA YA KISWAHILI NA CHUJIO

Machujio mengi yalibuniwa kwanza kwa Kiingereza, ambako neno hubadilika kidogo. Katika Kiswahili mzizi mmoja huvaa viambishi vingi. Kutoka katika “tuma” hupatikana “itume”, “zitume”, “nitumie”, “umetuma”, “atakutumia” na mengine mengi. Chujio linalohesabu maneno mazima huyaona yote hayo kuwa mageni kwa mwenzake, na ushahidi ambao ungekusanyika mahali pamoja hutawanyika.

Njia moja ya kushinda tatizo hili ni kulikata neno katika vipande vya herufi tatu tatu. “Itume” hutoa vipande itu, tum, ume. “Zitume” hutoa zit, itu, tum, ume. “Nitumie” hutoa nit, itu, tum, umi, mie. Sasa maneno hayo yana vipande vya pamoja, na kompyuta huuona udugu wao bila kufundishwa sarufi. Njia hii husaidia pia pale mtapeli anapoharibu tahajia kwa makusudi, kwa kuwa herufi moja ikibadilishwa katika neno refu, baadhi ya vipande hubaki salama. Na nafasi zilizowekwa katikati ya herufi, kama “t u m a”, huweza kuondolewa kabla ya kukata.

Lakini kipande “tum” kimo pia katika “tumbaku”, “mtumishi” na “tumaini”. Mkulima wa tumbaku asihukumiwe kwa ajili ya zao lake. Ndiyo sababu kipande nacho hupewa uzito kwa kuhesabiwa katika mafungu yote mawili, wala si kwa kukisiwa.

Jambo hili lina fundisho kwa nchi yenye lugha nyingi. Wakazi wa Busunzu huandika Kiswahili, Kiha, au vyote viwili katika ujumbe mmoja. Chujio lililofunzwa kwa jumbe za Dar es Salaam peke yake halijapata kuona maneno ya Kiha katika fungu jema. Haliyajui, na kwa hiyo hayatamtetea mtu wa Kibondo kama “shikamoo” inavyomtetea. Hesabu hiyo haina chuki na mtu. Ina upungufu wa mifano. Lakini anayezuiliwa ujumbe wake hupata hasara ileile.

MTAPELI NAYE HUJIFUNZA

Mtu asidhani kwamba chujio lenye kujifunza limemaliza vita. Waandishi wa barua taka walipotambua kwamba maneno hupimwa, walianza kuchanganya matangazo yao na maneno mema yaliyookotwa huku na huku, ili kupunguza uzito. Katika ujumbe mfupi hila hii ni rahisi mno. Ujumbe wa kwanza hapo juu ulikuwa na U = 40. Mtapeli akianza kwa “Shikamoo”, U huwa 40 × 0.1 = 4, na uwezekano hushuka kutoka asilimia 98 hadi 80. Chujio lililoagizwa kuzuia kuanzia asilimia 90 litaupitisha.

Chujio huweza kujirekebisha. Chukulia kwamba darasa limeongeza jumbe 50 mpya za kitapeli, na 20 kati yake zimeanza kwa “shikamoo”. Sasa neno hilo limo katika jumbe 21 kati ya 100 za kitapeli, yaani 0.21, na katika fungu jema bado ni 0.2. Uzito wake umekuwa 1.05. Uwiano wa mwanzo nao umekuwa 100 kwa 150, yaani 2/3. Ikiwa uzito wa maneno mengine haukubadilika, ujumbe wa mtapeli pamoja na salamu yake hupata U = 2/3 × 3 × 8 × 5 × 1.05 = 84, yaani asilimia 99 hivi. Amekamatwa tena.

Ni lazima sasa kuurudia ujumbe wa mwanafunzi. U = 2/3 × 1.05 × 3 × 0.25 × 8 = 4.2. Uwezekano wake ni 4.2/5.2, yaani asilimia 81. Mtoto hakubadili hata herufi moja. Jana alihukumiwa kwa asilimia 17. Leo kwa asilimia 81, na amebakiwa na hatua chache afikie kizingiti cha kuzuiwa. Kilichobadilika ni kwamba tapeli ameichukua salamu ya heshima na kuitumia, na salamu hiyo haimkingi tena mwenye nayo. Kila neno jema linaloibwa na watapeli hupunguza kinga ya watu wema. Hasara hii haionekani katika taarifa ya polisi, maana hakuna fedha iliyotumwa; lakini kuna mtoto aliyebaki bwenini na mama asiyejua kwamba aliandikiwa.

MAKOSA MAWILI

Chujio lolote huweza kukosea kwa njia mbili: kuupitisha ujumbe mbaya, au kuuzuia ulio mwema. Makosa haya hayaondoki kwa pamoja. Kizingiti kikishushwa, kosa la kwanza hupungua na la pili huongezeka. Kikipandishwa, mambo hugeuka.

Mahali pa kuweka kizingiti hutegemea gharama. Ikiamuliwa kwamba kumzuia mwema ni vibaya mara 9 kuliko kumpitisha mwovu, ujumbe wenye uwezekano p uzuiwe iwapo p ni kubwa kuliko 9 × (1 − p). Hapo p lazima izidi 0.9. Hesabu hutoa 0.9, lakini tarakimu 9 haikutoka katika hesabu. Ilitoka katika uamuzi wa watu kuhusu nani abebe hasara. Ni vema mwanafunzi aitambue tofauti hiyo, kwa sababu aghalabu uamuzi wa watu hufichwa ndani ya kompyuta ukaonekana kama tokeo la sayansi.

Kwa sababu hiyo pia, ubora wa chujio usielezwe kwa tarakimu moja. Chukulia jumbe 100 za kujaribia, 20 za kitapeli na 80 njema. Chujio limezuia 18, ambazo 16 ni za kitapeli na 2 ni njema. Basi limekamata 16 kati ya 20, yaani asilimia 80 ya utapeli, na limepoteza 2 kati ya 80, yaani asilimia 2.5 ya jumbe njema. Mtengenezaji akisema tu kwamba “limepatia mara 94 kati ya 100”, hajadanganya, lakini ameficha mengi. Chujio lisilozuia chochote lingepatia mara 80 bila kufanya kazi yoyote.

Njia ya kati ni kutofuta ujumbe unaotiliwa shaka. Ule wenye uwezekano mkubwa sana huwekwa kando mahali ambapo mwenye simu anaweza kuutazama, na ule wa kati hufikishwa pamoja na onyo. Hapo uamuzi wa mwisho hurudi kwa mtu, na mtu ana kipimo ambacho kompyuta haina: huweza kupiga simu kwa namba ya zamani anayoijua, asikie sauti ya mwanawe au ya mwalimu, kisha ndipo atume fedha.

KAZI YA DARASANI

Mwalimu wa hisabati huweza kulifanya somo hili bila kompyuta. Wanafunzi waombe kwa wazazi na majirani jumbe za kitapeli na njema, wazinakili kwenye vipande vya karatasi, kila ujumbe karatasi yake. Kabla ya kunakili, majina ya watu, namba za simu na viwango vya fedha viondolewe, na mwenye ujumbe akubali kwa hiari. Hilo ni jambo la adabu, na ni jambo la sheria pia, kwani Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Robo ya karatasi itengwe kwa ajili ya kujaribia na isiguswe wakati wa kuhesabu. Chujio likipimwa kwa mifano iliyolifunza, litajisifu bure. Kisha maneno kumi yachaguliwe, uzito wake utafutwe, na karatasi zilizotengwa zipimwe.

Darasa la Busunzu litakalofanya kazi hiyo kwa Kiswahili na Kiha litakuwa limekusanya mifano ambayo watengenezaji wa machujio walio mbali hawana. Machujio hayajengwi kwa kompyuta pekee. Hujengwa kwa mifano iliyochambuliwa kwa uaminifu na watu wanaoijua lugha yao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa kutumia uzito wa jumbe 200 za mwanzo, tafuta uwezekano kwamba ujumbe wenye maneno “hela”, “jina” na “nauli” ni wa kitapeli. Je, chujio lenye kizingiti cha asilimia 90 litauzuia?

2. Kata maneno “umetuma” na “tumbaku” katika vipande vya herufi tatu tatu. Yana vipande vingapi vya pamoja?

3. Ikiwa kumzuia mwema ni vibaya mara 19 kuliko kumpitisha mwovu, kizingiti kiwe asilimia ngapi?

4. Jadilini: je, kizingiti kiwekwe na kampuni ya simu, na serikali, au na mwenye simu mwenyewe? Toeni sababu.

Majibu: (1) U = 1/3 × 3 × 5 × 0.25 = 1.25, uwezekano ni asilimia 56 hivi, hautazuiwa. (2) Kimoja tu, “tum”. (3) Asilimia 95.